Kidonge Kabla ya Chai

Mpaka leo nikisikia watu wakipiga makofi kanisani, hasira hunipanda. Si kwamba nimeacha kusali. Nasali, tena nasali nikiwa nimenuna, na nadhani Mungu amekwisha kunizoea. Ila makofi ya kanisa letu la Nakivale nayajua yalimfanyia mama yangu nini, na sijayasamehe.

Tulitoka Kivu ya Kusini, Kongo, wakati wa vita vya mwaka 1996. Tulipopewa kiwanja Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mama ndiye aliyekifyeka, akapanda maharage na mahindi. Alikuwa mtu wa kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na kwaya ya akina mama haikuanza wimbo mpaka yeye atoe sauti. Halafu, miaka mingi baadaye, akaanza kupoa. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Alivaa sweta saa sita mchana katikati ya kiangazi. Asubuhi uso ulikuwa umemvimba. Sauti ikawa nzito, akahamishiwa mstari wa nyuma. Shambani alikaa chini kupumzika kabla hata jasho halijamtoka.

Wanawake wa bombani walimtania kwamba kesi yake ya ukimbizi ya kuhamishiwa Kanada imepita, ndiyo maana anajizoeza baridi. Mama alicheka nao. Mimi sikucheka, kwa sababu nyuma ya utani ule kulikuwa na neno uvivu, na mama yangu kama kuna kitu hakuwa nacho ni uvivu.

Wakati huo nilikuwa nashona nguo mjini Mbarara. Nikamleta hospitali, wakampima damu, na majibu yalipotoka daktari alituketisha wote wawili. Alikuwa kijana wa Kiganda mwenye Kiswahili cha kuokoteza, lakini alijitahidi, na hilo namshukuru.

"Mama, hapa kwa shingo kuko na tezi," alisema. "Inaitwa thairoidi. Ya kwako inafanya kazi pole pole. Si mbaya sana, ni kidogo."

Mama akajishika shingo. "Lakini mimi sina goita."

Nilimwelewa. Kwetu milimani kila mtu alimjua mama fulani mwenye goita, ule uvimbe wa shingo unaoning'inia kama kibuyu. Kwetu tezi mbovu ni ile inayoonekana. Shingo ikiwa safi, basi huumwi.

"Haionekani saa yote," daktari akasema. "Na watu wengine yao ikiwa kidogo hivi siwapatii dawa, napima tu. Lakini wewe damu yako iko na mafuta mingi, presha nayo iko juu. Hii vitu vyote inaenda kwa moyo. Wewe nakupatia."

Kilikuwa kidonge kidogo, cha kumeza kila asubuhi kwa maji matupu, kabla ya chai, halafu usubiri ndipo ule. Alimpa na dawa ya presha, akamwambia arudi kupimwa tena. Mama alifuata kila neno. Haikuwa kazi ya siku mbili. Miezi ilipita, kisha siku moja nikafika Nakivale nikakuta sweta limefuliwa limeanikwa, na mama yuko shambani anaimba. Nililia pale pale uani, na sioni aibu kulisema.

Sasa nieleze desturi ya kanisa letu, maana bila hiyo huwezi kuelewa. Kila Jumapili kuna wakati wa ushuhuda. Aliyetendewa jambo anasimama mbele, anasimulia, watu wanapiga makofi. Na aliyeshuhudia kwamba amepona hagusi tena dawa. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo, lakini wote tuliijua. Kumeza dawa baada ya ushuhuda ni kumwita Mungu mwongo mbele ya watu wake. Akina mama walikuwa wamefunga na kuomba kwa ajili ya mama, na kiongozi wao alipoona sauti imerudi akamwambia asimame. Mama akasimama. Makofi, nasikia, yalitikisa mabati.

Mwisho wa mwezi nilipokuja, sweta lilikuwa limerudi mwilini.

"Mama, kidonge ulikunywa?"

"Mutoto yangu, nilishatoa ushuhuda."

"Ushuhuda haifanye kazi ya tezi."

"Usiseme vile. Nikikunywa tena batu batasema nini? Batasema nilidanganya. Na docta mwenyewe alisema ni kidogo. Kidogo ile itamushinda Mungu?"

Nilienda moja kwa moja kwa yule kiongozi wa akina mama. Alinipokea vizuri, akanimiminia chai, akaniuliza habari za Mbarara, na ukarimu wake ulinichoma zaidi kuliko kama angenifukuza.

"Angalia shingo ya mama yako," aliniambia. "Kuko goita? Hakuna. Ni wewe unamuletea magonjwa ya mu vitabu."

Juu ya kabati lake niliona dawa. Za presha, nilizijua, zilifanana na zile mama alizoacha. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na zile?"

Wala hakubabaika. "Zile sijazitolea ushuhuda."

Niliiacha chai yake mezani, nikaondoka.

Msimu uliofuata, wakati wa kung'oa maharage, mama alikaa chini katikati ya mstari na hakuinuka. Alisema taya linamuuma, na mgongo, na pumzi haitoshi. Waliokuwa naye wakasema ni gesi. Wakampa tangawizi, wakamwekea mikono, wakamwombea jua likiwa kali juu yake, na gari lilipopatikana mchana ulikuwa umeshakwisha. Nilimpokea Mbarara akiwa na rangi ya majivu.

Hakufa. Daktari yule yule alinieleza kwamba mshipa wa moyo uliziba, na sehemu ya moyo imekufa, haitarudi. Nikamuuliza kama ni tezi. Nilitaka aseme ndiyo, ili nirudi Nakivale na neno moja la kumpiga nalo mtu usoni. Akasema hawezi kuapa. Presha, mafuta, umri, tezi, vyote vilikuwa vinavuta upande mmoja, na vidonge pengine vingesaidia, pengine visingetosha. Nilimkasirikia naye. Alikuwa mkweli, na ukweli wake haukunipa pa kushika.

Mama hakushika jembe tena. Kutoka mlangoni hadi bombani alipumzika njiani, na sasa hakuna aliyemtania. Vidonge alivirudia bila kuambiwa na mtu, wala hakuvizungumzia, mpaka Jumapili moja, siku ya mfungo, wakati wa ushuhuda, akaniachia kiti na kwenda mbele kwa fimbo.

"Nilisimamaka fasi hii nikasema nimepona," alisema. "Sikupona. Niliacha dawa, na kipande ya moyo yangu imekufa."

Na unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Kiongozi wa akina mama alikuwa wa kwanza. Mungu amemtoa kaburini, alisema, na kwaya ikaanza kuinuka. Niliuma meno hadi taya likaniuma.

Mama aliinua fimbo mpaka wakanyamaza.

"Musipige makofi. Sijamaliza."

Akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa kidonge, akakishika juu ili hata wa nyuma wakione.

"Hii ninakunywa kila asubuhi mbele ya chai. Leo bado. Nipatieni maji."

Ulikuwa mfungo mkavu, bila chakula bila maji, na hakukuwa na kikombe hata kimoja kanisani. Watu wakaangalia miguu yao. Mimi nikainuka.

"Wewe ikala," mama akaniambia nirudi kukaa, wala hakunitazama. Alikuwa anamtazama kiongozi wa akina mama. "Dada, maji."

Alisimama pale akihema, ameegemea fimbo, na hakurudia kuomba. Nilidhani ataanguka. Hatimaye yule kiongozi akainuka, akatoka, nyumba yake ilikuwa karibu, akarudi na kikombe amekishika kwa mikono miwili. Mama akaweka kidonge mdomoni, akanywa maji yote mbele ya kanisa zima.

Hakuna aliyepiga makofi. Na siku hiyo ndipo mimi nilipotaka kupiga.