Scholastika Aliposimama na Midoli

Kwa miaka mingi Scholastika ndiye aliyekuwa akiuza nguo mlangoni pa duka la Anaeli, pale Kariakoo. Alikuwa na maneno matamu. Mteja aliyeingia kuuliza bei tu alitoka na mfuko. Alipovuka arobaini na tano, Anaeli akamwita pembeni.

"Dada Schola, usinielewe vibaya. Siku hizi watu wananunua sura. Wewe nenda stoo, mbele atakaa binti huyu mpya, Jacqueline."

Tangu hapo kazi yake ikawa kufungua marobota na, asubuhi, kuivalisha nguo midoli ya nje kabla wateja hawajafika.

Jirani yake wa Buguruni, Moza, alikuwa na kikundi cha wanawake wanaovaa mavazi ya kushangaza na kuigiza hadharani yale yanayowakera. Scholastika alipomsimulia, Moza akauliza, "Sasa wewe ungevaa nini ili wakuone?"

Swali likamkaa. Jumamosi moja, mtaa ukiwa umefurika, akavaa gauni jekundu la dukani, lile ambalo Anaeli alisema linataka mwili wa msichana. Akajifunga uso mzima kwa kitambaa cheupe, maana midoli ile haikuwa na sura, akasimama katikati yake, kimya. Moza alikuwa ng'ambo ya barabara, akirekodi.

Mama mmoja akageuza upindo, akakagua mshono, akapita. Mwanaume mmoja akamshika kiuno, mkono ukapanda kifuani, huku akicheka na mwenzake.

Scholastika akavua kitambaa. "Mimi ni mtu," akasema, akimkazia macho. "Naitwa Scholastika. Nguo mnazovaa nimewauzia mimi."

Yule mwanaume akaruka nyuma, na watu wakaangua kicheko. Scholastika alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kufukuzwa kazi. Kicheko hakukitegemea. "Mama, rudia tena!" "Hilo gauni bei gani?" Anaeli alitoka amefura, akauona umati, akalainika. Jioni haijafika, magauni mekundu yalikuwa yamekwisha.

"Umenifungua macho, dada," Anaeli akamwambia. Jumamosi iliyofuata akamsimamisha Jacqueline pale nje, na Scholastika ndiye aliyetakiwa kumfunga kitambaa.

"Dada, nikishikwa nifanyeje?" Jacqueline aliuliza kwa sauti ya chini.

Anaeli akamuwahi Scholastika kujibu. "Nyamaza tu. Wanaoshika ndio hao hao wanaonunua."

Scholastika akakaza fundo, akarudi ndani bila kusema neno. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Ile video Moza aliiweka mtandaoni. Duka likaichukua, likaondoa sauti, likatia muziki, na namba ya simu ya duka ikabandikwa juu ya uso wa Scholastika. Ikasambaa hadi kwao Masasi, na mdogo wake, Candida, akapiga simu.

"Dada, nimeona tangazo la duka lenu! Lile gauni jekundu niwekee moja. Kwani wewe siku ile hukuwepo?"

Scholastika akamuuliza kama korosho zimeanza kuanguka.