Rundo la Siku Arobaini

Lile jiko alilinunua mume wangu, na ninaanza na hilo ili lawama ikae inapostahili. Alimwagiza fundi wa kuchomelea pale Dodoma mjini akate pipa la mafuta, aliwekee mlango mdogo mbele na bomba la kutolea moshi dirishani, kisha akalituma kwa basi hadi Busi, Kondoa, kwa mama yangu, ambako nilikuwa nimekwenda kujifungua uzazi wangu wa kwanza. Ilikuwa mwezi wa saba. Watu wakisikia Dodoma huwaza jua na vumbi, lakini kule kwetu upepo wa Julai hauna adabu, unaingia mpaka chini ya blanketi, na mama alikwishasema mzazi hatalala kwenye baridi. Mume wangu akanihakikishia kwa simu kwamba jiko lile linabana kuni. Vijiti viwili tu, alisema, na chumba chote kinapata joto. Huyo ni mtu ambaye tangu nimfahamu moto wake wote umetoka kwenye mtungi wa gesi.

Sasa ni lazima nieleze habari ya kuni, maana kwetu kuni za uzazi si kuni hivi hivi. Binti akishika mimba ya kwanza, mama yake huanza kuokota. Anaokota kidogo kidogo akitoka shambani, anachanja, anapanga rundo nje ya jiko, na rundo hilo haliguswi hata kama nyumba italazimika kula kiporo cha baridi. Ni kuni za siku arobaini: maji ya kumkanda mzazi asubuhi na jioni, uji, supu, maji ya mtoto, moto wa chumbani. Mtoto akishazaliwa, rundo haliongezwi. Kuongeza ni kutangaza kwamba ulimpokea mjukuu bila kujiandaa. Na kuni zikiisha kabla ya arobaini, upande wa mume wana haki ya kuja kumchukua mzazi na mtoto wakamalizie siku kwao.

Mama mkwe wangu anakaa Gulwe, karibu kabisa na reli, na huko wana desturi zao nyingine. Lakini hii yetu aliposimuliwa aliipenda papo hapo. Alipokuja kunisalimu mimba ikiwa na miezi sita, nami niko kwa mama kwa sikukuu, alilizunguka rundo mara mbili, akalitazama kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akamwambia mama huku anacheka kwamba siku kuni zikiisha, yeye atakuja kuchukua watu wake. Mama naye alicheka. Nilimwona akicheka, na nikaona pia kwamba jioni ile alitoka na kamba yake kwenda kuokota mzigo mwingine.

Alizitaka siku zake arobaini, zote, bila kupunguziwa hata moja. Tangu baba atangulie mbele ya haki, mama alikuwa amekaa miaka sita akipika chakula cha mtu mmoja. Ndugu zangu wako mbali, mimi nilikuwa Chamwino kwenye kazi ya ofisi, nikienda kwake sikukuu mbili kwa mwaka na kukaa kwa saa za kuhesabu. Nilipokwenda kujifungua, aliponiona nashuka kwenye basi na tumbo langu, alinipokea begi, akanipokea mkoba, akataka kunipokea na ile chupa ya maji niliyokuwa nakunywa.

Kulikuwa na jambo moja tu sikumwambia. Hospitali walishanipima wakaniambia ni mapacha. Mume wangu alijua, mimi nilijua, na daktari alijua. Lakini kwetu mtoto aliye tumboni hahesabiwi. Husemi ni wawili, husemi ni wa kiume, hununui hata soksi. Kumhesabu ni kumwitia macho ya watu kabla hajafika. Basi mimi mwenye digrii, ninayeshinda mbele ya kompyuta nikipanga mipango ya wilaya nzima, nilifunga mdomo wangu miezi mitano kwa kuogopa soksi.

Nikajifungua salama kituo cha afya. Mama aliingia, akaona kitanda kimoja kina vichwa viwili, akaketi kwenye benchi, akasema mashaallah, mashaallah, akacheka mpaka machozi, akawabusu wote, akanibusu mimi, akambusu na muuguzi. Kisha akatoka nje. Nilimwona kupitia dirisha amesimama peke yake, anatazama chini, midomo inacheza. Nilijua anapiga hesabu za kuni. Nami nilicheka, na kwa kuwa nilikuwa nimeshonwa, nilijutia kicheko hicho mara moja.

Mimi nina ugonjwa wa kuhesabu vitu, nadhani ni kazi iliyoniharibu. Nikiwa nimelala, nilihesabu kila ukuni uliopita mlangoni. Maji yangu ya asubuhi, kuni tatu. Mama alinikanda kwa taulo lililotoka kwenye maji yanayochemka, na nikipiga kelele ananiambia ninyamaze, yeye alikandwa kwa maji ya moto kuliko hayo na hakufa. Maji ya watoto, kuni mbili, kwa sababu huyu akimaliza ya kwake yanakuwa yamepoa na mwenzake hataki yaliyopoa. Uji na supu, kuni nne. Maji ya jioni, tatu tena. Nepi ziligoma kukauka kwa jua la kipupwe, kwa hiyo nazo zikawa zinaanikwa kuzunguka pipa, na pipa ndilo lililotumaliza. Lile jiko la kubana kuni lilikuwa na tumbo kubwa kuliko langu la miezi tisa. Ukililisha ukuni mmoja linanguruma, linakuwa jekundu, unavua kitenge, na kabla hujamaliza kunyonyesha limeshapoa linataka mwingine. Siku ya tatu nilipata jumla ya kuni kumi na nane kwa siku. Mama alikuwa amepanga kumi.

Kila mtu alijifanya haoni. Rundo lilipungua kutoka nyuma, kwa sababu mama alikuwa anachomoa upande wa ukutani na kuuacha upande wa mbele, unaoonekana njiani, ukiwa umenyooka vilevile. Siku ya kumi na tisa nilijikongoja kwenda kuchungulia, nikakuta mbele ni ukuta wa kuni, nyuma ni shimo. Ndani ya shimo mama alikuwa ameegemeza tenga bovu na ndoo iliyotoboka ili ukuta usianguke. Alinikuta pale nimeshika mdomo.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nilijua ni wawili tangu mwezi wa nne na sikusema, na kwa ajili yangu sasa atanyang'anywa siku zake. Nilikuwa nalia, halafu ile ndoo iliyotoboka ikanichekesha, nikawa nafanya yote mawili.

"Mimi nilijua," mama akasema. "Nilijua tangu unashuka kwenye gari. Lakini ningekusanya za wawili, ningekuwa nimewahesabu."

Akainama, akachukua ukuni wake mmoja, akaenda zake jikoni. Mwanamke huyu alikuwa ameona mzigo wangu kwa macho yake tu, akajua kuni hazitatosha, na kila jioni alikuwa amejizuia asiokote kitita kimoja zaidi, kwa ajili ya usalama wa watoto ambao hakuna aliyewataja. Nilimpenda siku ile mpaka nikaona aibu.

Kuanzia hapo mama hakuugusa tena ule ukuta wa mbele, akawa mwanasheria. Rundo haliongezwi kuni, sawa, nani amesema habari ya magunzi? Gunzi la mahindi si ukuni. Tukachoma magunzi ya gunia zima. Mabua ya alizeti si kuni, ni mabua. Miti ya mbaazi ilipojadiliwa, mama alifikiri kidogo, akasema mbaazi ni mboga. Mpini wa jembe uliovunjika ni mpini. Mwiko ni mwiko. Ngazi ya kupandia darini ilipitishwa kuwa kifaa cha ujenzi, ikaungua siku mbili kwa heshima zote. Siku moja nilimkuta ananyemelea kigoda nilichokalia nikinyonyesha. Kila kitu nyumbani kilianza kumkwepa mama. Na pipa likameza vyote, maana magunzi yanawaka kwa fujo na kuzimika kwa fujo, mtu unakaa mlangoni pake unalilisha kwa mikono miwili kama mtoto wa tatu.

Siku ya thelathini na tatu mume wangu akapiga simu asubuhi kusema mama yake amelala kwake Dodoma na yuko ndani ya basi la Kondoa. Nikamuuliza kwa nini hakusema jana. Akasema mama mkwe alimkataza. Tulifagia uwanja, mama akanyoosha ukuta wa rundo kwa kiganja, akauchomekea kuni mbili pembeni uonekane mnene. Tulikuwa tumebakiza siku saba tu. Mama alivaa khanga mpya, akaketi kizingitini kusubiri.

Mama mkwe akafika alasiri kwa bodaboda, anashuka taratibu, goti linamsumbua, mkononi ana mkongojo. Nikapiga magoti na shikamoo yangu, akaitikia marahaba, akauliza habari za uzazi, habari za wajukuu, habari za safari ambayo ni yake mwenyewe, na muda wote macho yake yako kwenye rundo. Akakiri limesimama vizuri. Akasema hakutegemea, kwa wawili na baridi hii. Mama akasema tunashukuru Mungu.

Ndipo kuku wa mama akatetea. Wanaofuga kuku wanajua kelele za kuku aliyetaga, hana siri, anatangazia kijiji. Na huyu alikuwa anatetea kutoka ndani ya rundo la kuni.

Mama mkwe akainamisha kichwa. Akasogea. Kuku naye kuona kivuli akachachamaa, akatafuta njia, akaipata katikati ya ukuta wetu, na rundo lote la uzazi likaenda chini mbele ya miguu ya mkwe. Tenga likabingirika. Ndoo ikabingirika. Yai likabaki limekaa pale kwenye vumbi, zima kabisa. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na nilichekea puani mpaka nikaogopa kumwangusha.

Mama hakucheka. Alisimama wima, mikono pembeni.

"Zimeisha, mkwe," akasema. "Watu wako hawa."

Kicheko kikanikauka. Sikuwahi kumsikia mama akisema kitu kwa sauti ndogo namna ile. Alikuwa ameshageukia mlango, nadhani alikuwa anakwenda kunifungia begi langu.

Mama mkwe alipita kati ya kuni zilizoanguka, akaingia chumbani, nikamfuata. Pipa lilikuwa linakaribia kuzimika na juu yake sufuria ya maji ya watoto haikuwa imeanza hata kuvuta mvuke. Akaketi, akafungua kile kimlango, akatazama ndani, akauliza ni nini hivi vinavyowaka. Nikamwambia magunzi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa, nikamweleza sheria yote ya mama, kwamba gunzi si ukuni, na mpini si ukuni, na ngazi, na mbaazi ni mboga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kubadili uso. Mama alikuwa amesimama mlangoni na begi langu mkononi.

Mama mkwe akachukua mkongojo wake, akajaribu kuuvunja kwa goti lake lisilouma, ukamshinda. Basi akauingiza kwenye pipa hivyo hivyo, ncha ndani ya moto, mkia mrefu umetokeza nje hadi katikati ya chumba.

"Huo si ukuni, ni mkongojo," akamwambia mama. "Na bila mkongojo mimi sifiki stendi. Nitafutie pa kulala hizi siku saba, mkwe wangu."

Mama akaliweka begi chini. Akaja akaketi sakafuni kando yake, mabega yao yakagusana, na wala hawakutazamana. Mkongojo ulikuwa wa mti mgumu, unaungua taratibu, na kila ulipopungua mama aliusukuma ndani kidogo kwa mkono wake mwenyewe, mpaka maji ya watoto yakachemka.