Nilipima juhudi za mdogo wangu kwa masikio

Jumanne, wiki moja kabla ya mfungo kuanza, saa nne asubuhi, nilimpoteza mdogo wangu Hamisi.

Wakuu, salamu zenu. Shule niliishia darasa la saba, mniwie radhi. Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale panaponiumbua.

Tulikuwa mafundi wa majiko ya mkaa hapa mtaani Gerezani. Bati tunalifua juu ya kipande cha reli. Kwetu huna haja ya kumwangalia mtu. Unampa mgongo, unafanya yako, masikio yanakwambia nani yuko kazini.

Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa hiyo yeye nilimsikiliza kuliko wote.

Kama miezi miwili kabla, nyundo yake ikaanza kusuasua. Anapiga mara tatu, kimya. Nikajua kakosa morali. Siku hizo nilikuwa nasikiliza sana wale jamaa wa kuhamasisha watu kwenye simu, wanaosema ukiona mtu hafiki ujue hajataka.

Nikaanza kumrushia maneno mbele za watu.

"Hamisi! Hiyo nyundo imelala, tuitandikie mkeka?"

"Inaamka, kaka."

Watu wanacheka. Na kweli inaamka. Nikajipongeza, nikaona dawa nimeipata.

Ila kelele zilizidi, majiko yakapungua. Zamani alikuwa anatoa sita kwa siku, ikawa mawili. Nikasema anapiga ovyo tu.

Mama Zuhura, anayetuuzia chai, aliniambia, "Baba, hebu geuka umtazame mwenzio. Kuhema kule si kwa kazi."

Nikamjibu, "Mdekeze tu, kesho atakuomba na mto."

Sikugeuka. Hapo ndipo panaponiuma.

Ile Jumanne nyundo ilinyamaza. Nikapaza sauti, "Tumelala tena?" Safari hii haikuamka. Nikamaliza kwanza kukunja ukingo wa jiko langu, ndipo nikageuka. Alikuwa chini, kando ya reli.

Tulimfikisha hospitali hayupo tena. Daktari akasema ni moyo. Akaniuliza, miguu imevimba tangu lini? Ndiyo kwanza nami naiona imevimba. Na kazini tulikuwa tunakaa hatua tatu tu kati yetu.

Baada ya arobaini nilisafisha sehemu yake. Chini ya gunia nikakuta bati limepondwapondwa, si jiko, si mfuniko.

Mama Zuhura akaliangalia. "Hilo ndilo alilokuwa analipiga ukimfokea. Kukunja alikuwa hawezi tena. Alikuwa anashusha nyundo tu, upate kusikia."

Nilichojifunza ni hiki. Juhudi alikuwa nazo, tena zote. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye jiko nikazipeleka kwenye masikio yangu. Ukimsimanga mtu atakupa kile unachokipima.

Wenye mafundi au wadogo chini yenu, niambieni: ninyi mnajuaje huyu mvivu, huyu anaumwa? Nitasoma yote, hata ya kunilaumu.

Jana nililiweka lile bati kwenye reli, nilinyooshe, nitengenezee jiko. Kwa pigo la pili tu, bati likapasuka.