Vidole vya Watoto wa Ruanda

Niliripoti kazini kijijini Ruanda asubuhi ya ukungu, nikiwa na cheti kipya cha ualimu wa elimu ya awali. Mwalimu mkuu alinikabidhi boksi la chaki na darasa lililojaa watoto wa wakulima wa kahawa.

"Madam, kabla ya likizo hawa wawe wanaandika majina yao," akasema.

Wengi walikuwa na miaka mitano. Penseli waliikamata kwa ngumi, kama mtu aliyeshika mchi, na karatasi zikachanika. Atupele, binti mdogo kuliko wote, alilia kila nilipogawa penseli. Chuoni tulifundishwa stadi za misuli midogo, yaani kuvipa vidole nguvu kwanza kwa michezo na kazi nyepesi. Basi penseli nikazifungia kabatini. Tukafinyanga udongo, tukasuka majani, tukapukuchua mahindi. Atupele akaacha kulia, akaanza hata kuimba.

Wiki chache baadaye baba yake akaja ofisini, amekunja uso.

"Mahindi anapukuchua nyumbani. Nimemleta shule apukuchue tena?"

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Madam, jibu. La sivyo darasa nampa mwingine."

Nikampa yule baba kalamu.

"Samahani, baba Atupele. Naomba uandike jina lako, ila kwa mkono wa kushoto."

Aliandika kwa shida, ulimi nje, herufi zikipanda na kushuka. Akaitazama karatasi, akacheka mwenyewe.

"Mkono huu haujui kazi hii."

"Na wa Atupele ndivyo ulivyo, baba. Haujakomaa. Tuupe muda."

Akanirudishia kalamu. "Haya, Mwalimu. Apukuchue."

Nilipogeuka, mwalimu mkuu naye alikuwa ameinamia meza, anajaribu kwa kushoto. Jumatatu alileta mwenyewe ndoo ya udongo wa mfinyanzi. Atupele aliandika jina lake mwaka uliofuata, darasa la kwanza, bila machozi.

Baadaye nilihamishiwa Nanyala, kisha Mkwajuni, nilikostaafia. Kote nilikuta wakubwa wenye haraka, na kote nilimpata angalau mmoja aliyekubali kungoja. Ninyi mnaoanza kazi sasa, nawaombea bahati hiyo. Mimi ilinibeba miaka yote.

Siku ya kuniaga, afisa elimu alisoma hotuba ndefu. Watoto wangu wa darasa la awali, waliokaa mkekani mbele, wakasinzia mmoja mmoja hadi wakalala wote. Mwalimu wa zamu akainuka kuwaamsha. Afisa akamzuia kwa mkono, akaikunja hotuba ikiwa nusu.

"Waache walale," akanong'ona. "Mama yetu, asante."

Watu wazima wote tukatoka kwa kunyata kwenda kula, viatu mkononi.