Picha ya Mkwe na Ubeti wa Hasidi

Mwaka 1963, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nilisuka makuti, nikauza maji, nikafagia chumba cha mpiga picha mmoja hapa Bagamoyo mpaka nikaijua kazi kumshinda yeye. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Sasa wewe, mwanangu, uliyenionyesha jana picha za harusi kwenye simu, zinapita upande huu na muziki unakwenda zake upande ule, kaa nikwambie.

Mwaka 1974 nilikuwa na projekta yangu mwenyewe, mashine ya kupitisha picha ndogo mbele ya taa zikaonekana kubwa ukutani. Niliiwasha kwa betri ya gari. Mji mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na mimi nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Bi Zaina alikuwa amemwoza mjukuu wake Salma kwa watu wa Pangani. Mwezi mmoja baadaye mama mkwe, Bi Rukia, akaja kumchukua Salma aende kuishi kwake. Bi Zaina akataka mgeni aonyeshwe picha za harusi, huku kaseti ya taarabu ikipigwa, ili mtoto aondoke kwa heshima.

Nikajiandaa wiki nzima. Picha moja, nahesabu kumi, nabadilisha. Ubeti wa kumsifu mlezi mwema uliangukia picha ya Bi Rukia. Ubeti wa kumsema hasidi ulikuta picha ya sinia la pilau. Nikaridhika.

Siku ya siku, baada ya adhuhuri, madirisha ya sebule yakazibwa kwa mablanketi. Kwa kuwa waliokaa ndani ni wanawake watupu, mimi nikawekwa ukumbini nyuma ya pazia, mdomo wa mashine ndio uliochungulia. Redio ya kaseti ilikuwa ndani, kwa shangazi yake Salma. Sikuona kitu, nilisikia tu. Na hata kusikia sikutaka, maana nilikuwa nahesabu.

Wewe unawajua watu wetu. Ubeti ukiwakuna, hawauachi upite mara moja. Ulipoisha ule wa hasidi nikasikia, "Rudisha, shoga, rudisha." Shangazi akarudisha kaseti. Mimi huku: nane, tisa, kumi. Nikabadilisha. Sinia la pilau likaondoka, akatokea Bi Rukia, mkubwa ukuta mzima, anacheka na tambuu mdomoni, na mwimbaji anaanza upya kumsema hasidi mwenye kijicho.

Mtu mmoja akacheka puani.

"Nimetoka Pangani nije nitukanwe ukutani?" Bi Rukia akasema. "Salma, nipe buibui langu. Wewe baki kwenu."

Salma akaanza kulia. Pazia likafunuka, Bi Zaina akaniinamia.

"Una masikio wewe, au umepewa ya kuzuia kofia?"

"Bibi, nimehesabu sawasawa."

"Nani kakutuma kuhesabu? Unauza mbata za nazi hapa?"

Mwanangu, ningeweza kumsukumia lawama shangazi, na maneno hayo yalikwisha fika ulimini. Lakini nilimsikia yule binti analia. Nikasema kwa sauti, palepale nyuma ya pazia:

"Shikamoo, mama. Kosa ni langu. Wimbo umerudishwa, mimi sikuusubiri."

Bi Rukia akaitikia: "Marahaba. Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Basi ubeti ule ungemwekea yeye."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikasikia mkeka unalia, Bi Rukia anakaa. "Haya, anza tena. Nakusikiliza."

Mara ya pili sikuhesabu. Nilifumba macho, mkono juu ya mashine. Mwimbaji akikata pumzi na fidla ikipokea, nabadilisha. Wakisema rudisha, naganda. Ubeti wa mlezi ukamkuta Bi Rukia barabara. Wakaurudisha mara tatu, nami nikamwacha palepale ukutani. Baadaye Bi Zaina aliniambia mgeni aliinuka, akacheza taratibu mpaka kwenye redio, akaituza noti kama anamtuza mwimbaji mwenyewe. Kesho yake aliondoka na Salma, wameshikana mikono.

Kwa hiyo usiniambie simu inapanga yenyewe. Sikiliza wimbo kwanza bila picha, mpaka uujue kwa moyo. Ujue ni uso wa nani unaangukia neno gani, maana mwenye uso atakuwa amekaa pale anatazama. Ukikosea, sema umekosea kabla hujatafutiwa shahidi.

Mimi leo nina nyumba ya matofali Zinga, minazi arobaini, chumba cha picha chenye milango miwili, kamera tatu, na projekta ile ile. Vyote kwa mikono hii na masikio haya. Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, na kila utakayemwonyesha uso wake aondoke amefurahi.