Ndonya Ndani ya Debe la Unga

Juzi nilipita Mbagala kumfuata fundi wangu wa bati, nikasikia kengele ya kanisa letu la zamani. Siku hizi ni kengele ya kweli. Sie tulikuwaga na rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mkorosho, inagongwa kwa nondo. Moyo ulinienda mbio kama mwizi aliyeitwa jina. Nisikilize, rafiki. Darasa la tatu sikumaliza, nyumba tatu nimejenga kwa kuuza mihogo. Maneno ya kupamba sina.

Enzi zile za Ujamaa kila mtu aliitwa ndugu, mpaka ufike mlango wa kanisa. Ndani, waliokuja kutoka bara na Ukristo wa babu zao walikaa mbele kwenye mabenchi. Sie Wamakonde, wachonga vinyago, wageni katika imani, tulikaa nyuma kwenye mikeka.

Bibi yangu alikuwa anasubiri ubatizo. Alivaa ndonya, kile kipande cha mpingo kwenye mdomo wa juu. Babu ndiye aliyemchongea. Akionja uji, ulisikia ikigonga mwiko, ko, ko. Mzee wa kanisa akatamka: "Hiyo aivue kwanza. Ndo abatizwe."

Mwalimu wa dini, kijana mwembamba aliyetubatizia kwa kuwa mchungaji hatukuwa naye, wiki hiyohiyo alikuwa ametufundisha kwamba baadhi ya Wayahudi walioamini waliwataka watu wa mataifa watahiriwe kwanza, ndipo wawe wenzao. Mitume wakakataa: imani inatosha, wote ni nyumba moja.

Bibi akamuuliza, "Mwalimu, mie ni wa mataifa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mzee wa kanisa, Myahudi?"

"Hapana, bibi. Naye wa mataifa."

"Sasa mbona ananidai tohara?"

Mikeka yote ikaangua kicheko. Mie sikucheka. Watoto wa mabenchi waliniita mjukuu wa bata, kwa mdomo ule wa bibi. Nilitaka bibi abatizwe upesi, nasi tusogee mbele.

Jumapili ya ubatizo ikafika, bibi amesema ataenda nayo. Bibi aliivua ndonya akaoge. Nikaichukua, nikaizika kwenye debe la unga wa muhogo.

Alitafuta mpaka rimu ikalia. Akaenda hivyohivyo, amejiziba kwa khanga, mate yanamchuruzika. Mzee wa kanisa akachangamka: "Mnaona? Mama ametii!"

Bibi akashusha khanga. "Sijatii, baba. Nimeibiwa."

Mwalimu akaweka bakuli la maji chini. "Basi simbatizi. Nikimbatiza hivi, mtasema ndonya ndiyo iliyokuwa inamzuia Mungu. Itafutwe."

Nilikuwa nimeshatoka mbio. Nilirudi nayo, nyeupe pe kwa unga. Bibi hakuniuliza nimeitoa wapi. Aliisuuza kwenye maji yaleyale ya ubatizo, mbele ya wote, akaivaa, akainamisha kichwa. Mzee wa kanisa akatoka nje. Jumapili iliyofuata alirudi, akaikuta mikeka imeburutwa mpaka mbele, akakaa.

Leo mikeka hakuna, mkorosho umekatwa, ndonya tulimzika nayo bibi. Ila jioni ya ubatizo ule haijazikwa. Alikuwa anachekecha ule unga, hanitazami.

"Yule mzee hanijui," akasema. "Wewe unanijua."

Akanipakulia ugali, tonge kubwa kama kawaida. Nyumba tatu ninazo, rafiki, na mpaka leo ugali wa muhogo naula nimesimama, kama mwizi anayesubiri kuitwa jina.