Pilau ya Waliofungwa Sita

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua kule ughaibuni, mtaa wa Hodge Hill, wakati nikiwa bado kijana ninayeuza makava ya simu na kujiona naujua mpira kuliko kocha. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu nimesikia timu ya chuo chenu imeondokewa na wakubwa wote waliohitimu, nawe umeapa hukanyagi uwanjani mpaka washinde.

Timu niliyoishabikia nayo ilikuwa ya chuo. Msimu uliotangulia ilichukua kombe bila kupoteza hata mechi moja nyumbani. Kisha wachezaji wakahitimu, wakatawanyika, wakaja wapya. Niliwahesabu wakipasha misuli moto, nikarudia nikidhani macho yananidanganya: kumi na mmoja. Benchi lilikaliwa na mabegi. Golini alisimama Baraka, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Nakuru, glavu zake kubwa kuliko matumaini yangu.

Kila mechi ya nyumbani, Mama Achieng, muuguzi Mkenya wa mtaa wa Erdington, alituletea pilau pembeni ya uwanja. Kwa kuwa tulikuwa tunashinda tu, sote tuliamini ile ni pilau ya ushindi. Kwa hiyo kabla ya filimbi nikamwendea kipa kufanya biashara.

"Dogo, sikuombi ushindi. Toa sare tu, mimi nitakubali nusu sahani."

Akacheka kwa adabu. Tukafungwa sita. Bao la mwisho lilipita katikati ya miguu yake, nami nikapaza sauti: "Kipa, funga mlango, baridi inaingia!"

Watu wakaangua kicheko. Mechi ilipokwisha, Baraka akavua glavu akamkabidhi nahodha. "Tafuteni mtu mwingine, kapteni. Mimi basi."

Na mtu mwingine, mwanangu, hakuwepo. Si nimekwambia nilihesabu mara mbili? Akiondoka yule, hakuna timu.

Hapo akatokea Mama Achieng, bado na nguo za kazi, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa taulo. Nikamzuia, mimi mlinzi wa desturi.

"Mama, tumefungwa. Sita."

"Nimeona."

"Sasa pilau ya nini?"

"Wewe kijana wa makava, mchele nimeutia motoni asubuhi. Saa ile nani alijua matokeo? Au zile wiki zote ulizokula, ulidhani nilipika baada ya filimbi?"

Akanipita, akampakulia Baraka wa kwanza.

"Kula, baba. Umeokota mipira wavuni mchana kutwa, umechoka kuliko wote. Jumamosi ijayo napika tena. Usipokuja, nitampa nani sahani yako?"

Baraka alikula amesimama, mvua ikimtiririka usoni, au labda si mvua yote. Alipomaliza akamnyooshea nahodha mkono, akachukua glavu zake.

"Na wewe," Mama akanigeukia, "shika sufuria. Mwenye sauti kubwa hivyo hakosi nguvu."

Niliibeba msimu mzima. Tulishinda mechi mbili. Nimehesabu tena, ni mbili. Lakini hakuna Jumamosi goli lilipokosa kipa, na mpaka leo sijaona kombe la kunishangaza kama mama yule aliyetoka zamu ya usiku akapika kabla ya kulala.

Basi mwanangu, timu inayojengwa usiidai kombe. Shusha bei: dai tu kwamba beki aliyekosea wiki hii, wiki ijayo akosee kitu kingine. Na kabla hujadai hata hicho, uwe umeshafika uwanjani. Washangilie wakiwa wanafungwa. Wakishinda hawatakosa wa kuwashangilia.

Mwenyezi Mungu akupe koo lisilokauka na viatu visivyopitisha maji, na siku vijana wako watakapoiva, wakukute umesimama palepale, sufuria mkononi. Amina.